Folda ya Kula

Buswelu, Mwanza
3 Machi 2025

Kwako Baba mdogo Nathaniel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mihogo ya huko Sengerema imepata nguvu baada ya mvua za juzi. Sisi huku hatujambo. Kaka Paulo amepata mtoto wa tatu, wa kike, na mkewe anaendelea vizuri. Wamempa jina la marehemu Mama mdogo, Dorcas. Nimeona ulisikie kutoka kwangu kabla hujaletewa na watu wa sokoni. Buswelu inajengwa mpaka inachosha. Ile njia ya mkato uliyokuwa unapita kwenda redioni sasa ni ukuta wa mtu.

Baba mdogo, nakuandikia kwa sababu ya mashine yako. Naiita yako kwa kuwa hapa redioni kila mtu anaiita mashine ya Mzee Nathaniel, kana kwamba mimi ninayeifuta vumbi kila siku tangu ustaafu ni mpangaji tu. Diski imejaa. Nikipiga df, ile amri ya kupima nafasi, inaniambia asilimia tisini na nane. Wiki iliyopita mtangazaji alirekodi mahojiano ya saa nzima na mwenyekiti wa wavuvi, yakakatika dakika ya kumi na mbili kwa kukosa nafasi, na mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anamaliza kusalimia. Meneja wetu, Josephat, amenipa hadi Pasaka. Nisipopata nafasi ataleta fundi kutoka mjini afute kila kitu cha zamani, tuanze upya. Analitamka hilo neno "kila kitu" utadhani anaongelea majani ya uwanjani.

Kuna folda ulizounda wewe miaka mingi kabla sijafika, na maana ya majina yake unaijua wewe. Naomba uniambie ipi ifutwe. Sitaki niguse kitu halafu nije nilaumiwe.

Ningeweza kupiga simu. Lakini tangu msiba wa Mama mdogo, tuliposemezana yale tuliyosemezana, kila tukipigiana inaishia mmoja wetu kukata. Kwenye karatasi angalau hatuingiliani maneno. Wewe ndiye uliyenizoesha barua nilipokuwa bweni, kwa hiyo usishangae. Hii nampa Chenge, yule mkata tiketi wa kivuko cha Kamanga. Amesema atakufikishia siku yake ya mapumziko.

Kalamu imechoka kabla ya mwandishi, naishia hapa.

Mwanao,
Odeta


Juu ya Kamanga, Sengerema
19 Machi 2025

Kwako mwanangu Odeta,

Malahaba. Balua yako nimeipata Jumapili baada ya ibada. Habali za kazi? Huku tunaendelea. Mihogo imeota, mahindi ya bondeni yameliwa na nguluwe. Kuhusu mtoto wa Paulo na jina alilopewa, nimefulahi sana, mwambie asante. Mkono wangu wa kulia unanisumbua siku hizi, kwa hiyo nimeomba mtu aniandikie. Mimi nasema, yeye anaandika. Usiwe na wasiwasi, ni uzee tu.

Sasa tuje kwenye mashine. Diski haijai yenyewe, inajazwa na watu wanaoona uchungu kutupa, na mimi nilikuwa mmoja wao. Piga du kwenye kila folda uone ipi imebeba uzito. Kisha futa kula yote. Ni kubwa na haina kazi tena. Ni sauti tupu za siku zile, msimu wake ulishakwisha na wenyewe wameshasahau. Niliitunza kwa uvivu, si kwa mapenzi. Ikiondoka sitasikitika hata kidogo.

Ila mwanangu, kwenye mashine za Unix kama hiyo ukifuta umefuta. Hakuna debe la taka la kwenda kuokota. Soma jina mala mbili kabla hujabonyeza.

Wasalimie wote wanaonikumbuka hapo, na wasionikumbuka pia.

Baba yako mdogo,
Nathaniel Machibya


Buswelu
2 Aprili 2025

Kwako Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto wa Paulo ameanza kucheka.

Nimefuta kula. Nilisoma jina mara mbili kama ulivyoagiza, na mara ya tatu kwa ajili yangu mwenyewe.

Nikukumbushe kilichokuwamo, kama umesahau. Ni vipindi vya Mama mdogo vya mapishi, mia moja sitini na mbili, ulivyoviunganisha baada ya msiba kuwa faili moja refu. Ni wewe uliyeandika programu ya kulipiga kila siku kuanzia saa nane mchana hadi saa tisa, watangazaji wanapokwenda kula, ili redio isikae kimya. Sasa unaniambia ni sauti tupu na uliitunza kwa uvivu.

Sikuuliza kwa nini, mwandiko ulinijibu. Ni mwandiko wa mama mtu mzima, umelala vizuri kwenye mstari. Mwanaume anayeumwa mkono anampata wapi upesi hivyo mama wa kumwandikia? Sina neno. Mtu hawezi kukaa peke yake siku zote. Ungeniambia "Odeta, nataka kuanza upya", ningelia siku mbili kisha ningekuja kusalimia. Lakini ulinificha ugonjwa wake miezi minne, mpaka nikamaliza mitihani Dodoma, nikaja nikamkuta hasemi. Neno moja sikulipata kutoka kwake. Sauti yake niliyobaki nayo ilikuwa hiyo ya kwenye mashine, na hiyo nayo umenituma niifute kwa mkono wangu. Haya, nimefuta. Sikulelewa kubishana na wakubwa.

Sasa sikiliza ajabu. Nafasi haikurudi. Nikijumlisha folda zote kwa du naona gigabaiti arobaini na sita zimepungua, lakini df imeng'ang'ania asilimia ileile, tisini na nane. Na jana saa nane nilitoka nje kama kawaida yangu, maana Mama mdogo akianza kusema mimi siwezi kukaa ndani, nikamsikia kwenye redio ya muuza chipsi ng'ambo ya barabara. Anaeleza michembe ya viazi vitamu ilowekwe muda gani. Nimemfuta na bado anasema. Nilirudi ndani nikaangalia folda, haipo.

Josephat anasema dawa ni kuzima mashine na kuiwasha. Fundi atakuja Jumamosi ya tarehe 12 kufanya hivyo. Kama una la kusema, sema kabla ya hapo. Kama huna, basi.

Msalimie aliyekusomea.

Odeta


Juu ya Kamanga
10 Aprili 2025

Odeta,

Salamu utanidai. Usizime mashine. Mtu yeyote asizime ile mashine.

Mimi nilisema kura. Kura, kwa r, za kupiga. Zile simu za wasikilizaji za mashindano ya kwaya ya mwaka 2019, watu elfu wakitaja jina la kwaya na kukata. Hizo ndizo sauti tupu. Kwetu Usukumani r haina kwao, mwanangu. Mimi nimetamka kwa ulimi wa mama yangu, na aliyeandika amesikia kwa sikio la mama yake. Leo nimemwomba kila akisita kwenye r anitajie kwanza.

Barua yako imenifikia leo. Chenge aliugua malaria, ikakaa wiki nzima kwenye mfuko wa koti lake. Nimekupigia kwa simu ya jirani mara sita. Inaita, halafu inakatwa.

Sikiliza vizuri. Unix ina tabia yake tangu zamani. Ukifuta faili, unachofuta ni jina. Kama kuna programu bado imelishika, mwili wake unabaki palepale kwenye diski, na nafasi hairudi mpaka aliyelishika aachie. Programu yangu ya saa nane huwa hailiachii faili lile, usiku na mchana. Ndiyo maana df haikushuka na ndiyo maana bado anasema. Leo saa nane nimemsikia akikataza watu kukaanga dagaa wenye mchanga, kwa hiyo najua mpaka leo saa nane yupo. Mkizima mashine, programu inaachia, na hapo ndipo atakuwa amefutika kweli. Umeme ukikatika betri ikaisha, ni vilevile.

Kwanza futa folda ya kura. Nafasi yake itarudi papo hapo kwa sababu hakuna aliyeishika. Pili, piga lsof, inayotaja mafaili yaliyoshikwa, utafute faili lililoandikwa pembeni kwamba limefutwa, chukua namba ya programu inayolishika. Tatu, ingia kwenye /proc, ndani ya namba hiyo, kwenye fd. Utalikuta. Linakili kwa cp kwenda folda mpya. Programu yenyewe usiiguse. Ukubwa ukilingana inatosha, usipoteze muda kusikiliza.

Nakala nyingine hakuna. Ile diski ya nje ilikufa mwaka juzi. Niliona aibu kukuambia, mimi niliyekuwa nakupigia kelele za nakala.

Odeta mwanangu, hapa sasa naandika mimi Evelina, yeye hajui. Amenyamaza anatafuta neno, nami nakimbiza kalamu. Mkono wake hauna kitu. Ni macho. Ni presha ya macho, jicho moja lilikwenda zamani, la pili limefuata mwezi wa kumi mwaka jana. Haoni hata mlango. Mimi ni mkunga mstaafu, jirani yake, nina mume wangu Antoni, anakusalimia. Nilipomsomea balua yako alikaa chini palepale kizingitini. Saa nane ikifika huwa hataki mtu amsemeshe, anakaa na redio yake mpaka saa tisa. Kosa la kula ni langu, nisamehe. Ananiuliza mbona naandika ndefu hivyo. Nimemwambia mwandiko wangu ni mkubwa.

Naendelea. Chenge ameapa atakupa mkononi kesho asubuhi. Fanya haraka lakini usifanye pupa. Na hata ukishindwa, mwanangu, hukukosea wewe.

Nathaniel


Buswelu
15 Aprili 2025

Kwako Baba mdogo, na kwako Mama Evelina ambaye najua ndiye unayesoma,

Shikamooni nyote wawili, na Mzee Antoni pia.

Yupo. Nimeanza na hilo ili usikae na presha nyingine.

Chenge alikuja Ijumaa saa tatu asubuhi hajavua hata sare ya kivuko. Nilisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye neno kura nikaendelea kusoma huku nakimbilia ndani. Maana fundi alikuwa ameshafika. Josephat alimleta siku moja kabla kwa sababu Jumamosi yake alikuwa na harusi. Yuko kwenye kiti changu, ameshaandika amri ya kuzima, amebakiza kubonyeza. Sikumsalimia. Nilimwekea mkono juu ya kibodi kama mtoto anayezuia sahani yake.

Nikamwambia Josephat, "Nipe saa moja. Nisipoleta nafasi, zima, na mimi nifukuze."

"Kwa ajili ya mapishi?"

"Kwa ajili ya mama yangu."

Josephat anamjua Mama mdogo, alikula kwenye masufuria yake miaka kumi. Akamwambia fundi ainuke.

Nilifuta kura. Nilitaja herufi moja moja kwa sauti, fundi akinitazama kama mgonjwa. Gigabaiti tisini zilirudi hapohapo na df ikashuka hadi sabini na tisa. Josephat akashusha pumzi, akasema basi imetosha, tuzime tuwashe iwe safi. Nikamwambia bado. Nikapiga lsof, nikalikuta, jina lake lote bado limeandikwa na pembeni neno la kufutwa. Nikaingia kwenye fd, nikaanza kunakili.

Dakika ya tisa umeme ukakatika. Ile betri unaijua, ni ya enzi zako, inashika dakika kumi ikiwa na hisani. Ikaanza kupiga kelele yake. Fundi yule, Mungu ambariki, bila kuambiwa akachomoa feni, akachomoa skrini ya pili, akachomoa na birika la chai la Josephat. Tukakaa watatu kwenye kile chumba kisicho na dirisha tunasikiliza diski ikisaga. Sikuwahi kuomba Mungu hivyo tangu siku ile nikiwa kwenye basi kutoka Dodoma. Nakala ikamaliza. Niliangalia ukubwa wa pande zote mbili, tarakimu kwa tarakimu, unalingana. Umeme ulirudi betri ikiwa inalia kwa mfululizo. Jioni nikanunua diski ya nje, nikaweka nakala ya pili, nikalala nayo chini ya mto.

Sasa niseme mabaya yangu. Simu zako niliziona. Niliona namba nisiyoijua ya mtandao wa huko, nikajua ni wewe au ni huyo anayekuandikia, nikakata mara sita. Na Mama Evelina, naomba unisamehe niliyokuwazia. Niliona umeandika habali na balua, nikacheka peke yangu. Nilipofika kwenye kula sikucheka wala sikufikiri. Hasira ilishasoma kabla ya macho.

Baba mdogo, Mama Evelina ameniambia kuhusu macho yako. Usimgombeze, ukimgombeza utaandikiwa na nani? Lakini hii ni mara ya pili unanificha ugonjwa wa nyumbani kwangu. Mara ya kwanza ilinigharimu neno la mwisho la Mama mdogo. Mara ya pili imebaki kidogo inigharimu sauti yake yote. Nakupenda na nimechoka kuwa mtu wa mwisho kuambiwa. Kwa nini unanifanyia hivi?

Programu ya saa nane sijaizima. Inaendelea kusoma faili lisilo na jina, na gigabaiti arobaini na sita zimekaliwa mara mbili. Josephat anazitaka kabla mwezi wa tano haujachanganya. Nikiizima nafasi itarudi, nami nitaiwasha upya isome nakala. Ila sitaizima bila neno lako.

Wako,
Odeta


Juu ya Kamanga
28 Aprili 2025

Kwako mwanangu Odeta,

Marahaba. Hari yangu ni njema na ya majirani pia ni njema. Mama Evelina ananiambia siku hizi anaweka r kila anapopata mashaka, kwa hiyo ukiona imezidi vumilia, ni toba yake.

Nimesomewa barua yako mara tatu. Pale kwenye birika la chai Antoni amecheka mpaka amekohoa. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikashika ukuta, nikamshukuru Mungu kwa ajili yako.

Macho ni kweli. Nilikwenda hospitali nikachelewa, wakasema yaliyokwenda hayarudi. Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha kazi ukaja kunishika mkono kwenda chooni, na mashine ingebaki na nani? Shamba nalijua kwa miguu. Chakula napika mwenyewe, chumvi naipima kwa kiganja kama nilivyofundishwa saa nane mchana. Usinionee huruma, niongeleshe kama zamani.

Kuhusu Mama yako mdogo, nilishasema siku ile ya msiba na nasema tena. Kukuficha kosa lilikuwa langu. Niliamua mimi. Yeye usimtie humo. Una haki ya kunikasirikia na sitakuomba uache. Naomba tusilirudie tena kwenye barua, maana hapa tuko watatu.

Programu izime, zima hata leo. Nakala unazo mbili na ukubwa umelingana, hakuna zaidi. Kule mwisho wa faili usihangaike nako. Dakika nne za mwisho programu yangu huwa inaziruka, hazina kitu, ni kelele za kuzima mitambo tu. Usipoteze muda wako.

Mtoto wa Paulo ana meno? Nilikuwa nawaza.

Baba yako mdogo,
Nathaniel


Buswelu
3 Mei 2025

Kwako Baba,

Shikamoo.

Mtoto hana meno. Ana miezi miwili, atayapata wapi?

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii. Nilipokuwa kidato cha tatu, likizo, ulinikalisha kwenye kile kiti ukaniambia nakala isiyosikilizwa mwisho wake si nakala, ni matumaini. Ulinigonga na rula kwa sababu ya hilo. Leo unaniambia ukubwa unatosha. Umeniambia mara ya kwanza nikadhani ni haraka. Umeniambia mara ya pili, na ukaongeza kwamba kule mwisho hakuna kitu. Baba, wewe hukuwahi kuruka kitu kisicho na kitu. Ungekikata.

Leo Jumamosi watu walikuwa wachache. Saa nane ilipofika sikutoka nje. Nilivaa vile visikio vikubwa nikaenda mwisho wa nakala, dakika tano kabla ya kwisha. Mama mdogo anamalizia kipindi, anaaga wasikilizaji, anasema mboga isiivishwe mpaka ikasahau jina lake. Muziki unapita. Halafu anauliza, "Nathani, umezima?" Unamjibu, "Nimezima." Hujazima.

Anakohoa kwa muda mrefu. Unampa maji, nasikia glasi. Kisha anasema, na naandika kama alivyosema, sijaongeza:

"Odeta asijue mpaka amalize mitihani. Niahidi."

"Akijua baadaye atanichukia, Dorcas."

"Akuchukie wewe. Wewe utakuwepo mpatane. Akinichukia mimi, atapatana na nani?"

Unanyamaza. Nilidhani faili limekwisha, nikaangalia, lilikuwa bado linakwenda. Ulinyamaza hivyo karibu dakika mbili. Halafu unasema, "Sawa, mke wangu." Ndipo unazima.

Nimelia mpaka mlinzi amekuja kugonga mlango. Karibu miaka miwili, Baba. Nilikusema msibani mbele ya wakwe na mbele ya mchungaji. Nilikuita mtu usiye na moyo. Kaka Paulo alinivuta nguo ninyamaze na wewe ukasema niacheni, anayo haki. Ungeweza kusema neno moja tu, "aliniomba", na watu wote wangekugeukia wewe na mimi ningeona haya. Hukusema. Umeendelea kutosema mpaka macho yakaisha, na ungeniacha nifute ushahidi wako mwenyewe ili mimi nisimkasirikie yeye.

Simkasirikii. Nataka ulijue hilo kabla ya yote. Nimemsikia sauti ilivyokuwa inakatika, na katikati ya maumivu yale alikuwa anapanga mimi nitabaki na nani. Neno lake la mwisho nililodhani sikulipata, nimelipata. Lilikuwa linanihusu.

Saa tisa na dakika mbili niliizima programu. Niliizima taratibu, kwa jina lake. Faili la zamani likaachiwa na gigabaiti arobaini na sita zikarudi zote. Df inasema sabini na tisa, Josephat ameagiza soda. Kisha nimeiwasha isome nakala. Kesho saa nane ataendelea pale alipoishia leo, na zile dakika nne itaziruka kama ulivyopanga. Hazimhusu msikilizaji.

Barua hii simpi Chenge. Nakuja nayo mwenyewe kesho kwa kivuko cha kwanza. Nitakaa mbele yako nikusomee, Mama Evelina apumzike, hapa tubaki wawili. Kwa hiyo kama unayasikia maneno haya, ni kwa sauti yangu, na kama sauti inakatika usiniambie niseme tena.

Nisamehe, Baba. Usinijibu kwa barua. Nyoosha mkono tu.

Ni mimi mwanao, niliyekaa mbele yako,
Odeta